Rubani wa Droni na Kizibao cha Kuakisi Mwanga: Aonekane na Nani?

Mazungumzo ya leo yanahusu jambo linaloonekana dogo lakini lenye mizizi mirefu, yaani kama mtu anayerusha droni anapaswa kuvaa kizibao cha kuakisi mwanga wakati chombo chake kikiwa angani. Droni, kwa wale ambao bado hawajaizoea, ni chombo kirukacho bila mtu ndani yake, kinachoongozwa na rubani aliye chini kwa rimoti au kwa njia iliyopangwa mapema katika kompyuta. Kizibao cha kuakisi mwanga nacho ni kile kivazi kisicho na mikono, cha manjano au chungwa kali, chenye mistari ya rangi ya fedha, ambacho mitaani hujulikana zaidi kwa jina la reflekta, na ambacho wasikilizaji hukiona kila siku kwa waendesha bodaboda, mafundi wa barabara na askari wa trafiki.

Swali hili hujibiwa haraka na pande mbili. Upande wa kwanza husema rubani avae, kwa kuwa mtu anayefanya kazi ya hatari hadharani anapaswa kujulikana, na asiyejificha hana sababu ya kuogopa kuonekana. Upande wa pili husema asivae, kwa kuwa kizibao humwita kila mpita njia aje kuuliza, na rubani anayejibu maswali ni rubani aliyeondoa macho yake angani. Pande zote mbili zina hoja, na mazungumzo haya yatazipima kwa kufuata maswali matatu: kwanza, kizibao hufanya kazi gani hasa, pili, sheria za usafiri wa anga zinasemaje, na tatu, katika kazi halisi za hapa Afrika Mashariki, ni nani katika kikundi cha warusha droni anayestahili kuvaa kizibao hicho kabla ya wengine.

Swali la kwanza, basi, ni la kazi ya kizibao. Kitaalamu, vazi hili huunganisha vitu viwili ambavyo watu wengi huvichukulia kuwa kimoja. Kitu cha kwanza ni kitambaa chenyewe, kilichotiwa rangi inayopokea mionzi ya urujuanimno, yaani sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa jicho la mwanadamu, na kuirudisha ikiwa mwanga unaoonekana, ndiyo maana kitambaa hicho humeremeta mchana, na humeremeta pia alfajiri na jioni wakati rangi nyingine zinapofifia. Kitu cha pili ni ile mistari ya fedha, ambayo imejaa punje ndogo mno za kioo zinazourudisha mwanga kule kule ulikotoka, hivi kwamba dereva aliyewasha taa usiku huiona ikiwaka mbele yake, ilhali mtu aliyesimama kando bila taa haoni ajabu yoyote. Kwa ufupi, kitambaa ni cha mchana na mistari ni ya usiku, na kizibao kilichokosa kimojawapo kimepoteza nusu ya kazi yake.

Shirika la Kimataifa la Viwango, linalojulikana kwa kifupi kama ISO, lina kiwango kiitwacho ISO 20471, cha mwaka 2013, ambacho hugawa mavazi ya namna hii katika madaraja matatu kulingana na ukubwa wa kitambaa chenye rangi na wa mistari inayoakisi. Daraja la pili, kwa mfano, linataka angalau nusu mita ya mraba ya kitambaa chenye rangi. Msikilizaji akivilinganisha vizibao vinavyotundikwa madukani na vile vinavyovaliwa barabarani, atatambua kwamba vingi vya pili vimekwisha kustaafu bila mwenye kuvivaa kujua: manjano yamepauka hadi kukaribia weupe, mistari imepasuka kwa kufuliwa na kukamuliwa, na vumbi limeziba punje za kioo zilizosalia. Kizibao cha namna hiyo ni nguo tu, na anayekitegemea kimlinde anajidanganya.

Asili ya vazi hili nayo inafaa kuelezwa, kwa sababu ndani yake mna ufunguo wa mjadala wote. Mwaka 1964 shirika la reli la Uingereza liliwavalisha mafundi wa njia ya reli katika jiji la Glasgow, huko Scotland, majaketi ya chungwa kali kwa majaribio, ili dereva wa treni awaone kutoka mbali na wao wapate nafasi ya kuondoka relini. Vazi hilo, kwa hiyo, lilibuniwa kwa ajili ya mtu aliye hatarini, ili aonekane na mtu anayeendesha chombo kinachomhatarisha. Mantiki hiyo hiyo ndiyo iliyofuatwa katika Sheria ya Trafiki ya Kenya, ambayo inamtaka mwendesha pikipiki avae kofia ngumu na jaketi lenye viakisi mwanga, kwa kuwa mwenye pikipiki akigongana na lori, anayeumia anajulikana.

Sasa, je, mantiki hiyo inamfaa rubani wa droni? Droni inapokuwa angani, anayeendesha ni nani, na aliye hatarini ni nani? Jibu ni kwamba mambo yamegeuka. Mwenye kizibao, mara hii, ndiye anayeendesha chombo, na wanaoweza kuangukiwa nacho ni watu wengine waliosimama karibu. Kizibao hakiizuii betri kuisha, hakiuzuii upepo wa pwani kuisukuma droni kwenye nyaya za umeme, wala hakimsaidii rubani wa helikopta, kwa sababu rubani huyo, hata akimwona mtu aliyevaa manjano chini, hajui bado droni ya mtu huyo iko upande gani na kimo gani. Hoja kwamba kizibao cha rubani huwalinda watu dhidi ya droni, kwa hiyo, haina msingi, na inafaa kurudiwa kwa msisitizo: kizibao hakimkingi mtu yeyote dhidi ya kitu kinachoanguka kutoka juu.

Hata hivyo, zipo kazi mbili ambazo kizibao kinaweza kuzifanya kwa kikundi cha warusha droni, nazo hazina budi kutenganishwa. Kazi ya kwanza ni kulinda, yaani kumkinga rubani mwenyewe dhidi ya magari, mitambo na pikipiki zinazopita pale aliposimama. Kazi ya pili ni kutambulisha, yaani kuwaambia watu walio jirani kwamba chombo kile kinachovuma juu ya mapaa yao kina mwenyewe, na kwamba mwenyewe ni huyu hapa. Kulinda na kutambulisha: msikilizaji na azishike hizo mbili, kwa maana sehemu kubwa ya ubishi juu ya jambo hili hutokana na watu kuzichanganya.

Swali la pili linahusu sheria. Nchini Marekani, kanuni za droni za kazi, zinazojulikana kama Sehemu ya 107, zilianza kutumika tarehe 29 Agosti 2016 chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya nchi hiyo, FAA, na hazimtaki rubani avae kizibao chochote. Zinamtaka awe na cheti chake mahali anaporushia na akioneshe kwa maofisa wanaostahili wanapokiomba. Na kama anarusha usiku, zinaitaka droni yenyewe iwe na taa ya kuzuia migongano inayoonekana kutoka umbali wa maili 3, yaani karibu kilomita 5. Nchini Uingereza, mamlaka ya anga inamtaka mwenye droni ajisajili na abandike namba yake kwenye chombo, na inaweka kikomo cha kuruka mita 120 kutoka ardhini, ambacho ni sawa na futi 400. Katika nchi hizo mbili, basi, watunga kanuni waliamua kukimulika chombo na kukagua karatasi, na suala la mavazi wakaliacha mikononi mwa rubani na mwajiri wake.

Italia ilikwenda njia nyingine. Kabla ya kanuni za pamoja za Umoja wa Ulaya kuanza kutumika mwishoni mwa mwaka 2020, mamlaka ya anga ya nchi hiyo ilimtaka rubani wa droni avae jaketi linaloonekana kwa mbali, lenye maandishi ya kumtambulisha kuwa yeye ndiye rubani. Msikilizaji ataona kwamba sharti hilo lilielemea ile kazi ya pili, ya kutambulisha, kwa kuwa maandishi hayamsaidii dereva wa gari bali mtu anayetaka kujua nani ni nani.

Tangu wakati huo teknolojia imeleta njia nyingine ya kutambulisha. Marekani sasa inazitaka droni nyingi zitoe utambulisho wa kielektroniki, yaani ishara ya redio inayotangaza namba ya chombo, mahali kilipo na mahali alipo rubani wake au pale chombo kilipoanzia safari, na FAA ilianza kulisimamia sharti hilo kikamilifu mwezi Machi 2024. Mtu mwenye simu inayofaa na programu inayofaa anaweza kuisoma ishara hiyo, ingawa jina la mwenye droni hubaki kwa mamlaka na vyombo vya dola. Jambo hili lina manufaa makubwa kwa polisi na kwa viwanja vya ndege. Lakini je, linamfaa mama anayekaanga vitumbua barazani, ambaye amesikia mvumo juu ya kichwa chake na hana muda wala sababu ya kupakua programu? Yeye atainua macho, kisha atatazama kulia na kushoto akimtafuta mtu, na kama hamwoni, wasiwasi utaanza.

Huku kwetu, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, na mwenzake wa Kenya, KCAA, ambayo inaongozwa na kanuni za vyombo visivyo na rubani za mwaka 2020, zote mbili zinadai usajili na vibali kabla ya droni kupaa. Kibali, hata hivyo, ni karatasi iliyo mfukoni au katika simu ya rubani, na mtaa mzima unaorukiwa hauioni. Hapo ndipo swali la tatu linapozaliwa: mahali hasa pa kazi, nani avae, na avae kwa ajili ya macho ya nani?

Mfano wa kwanza ni wa barabarani. Mpima anayepiga picha za barabara inayopanuliwa husimama ukingoni, shingo imeinuka, vidole viko kwenye rimoti, na kwa desturi ya kazi hii hurudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, ili asiipoteze droni nyuma ya mti au nguzo. Anaporudi nyuma hivyo hajui kwamba kisigino chake kimeshuka kutoka kwenye changarawe hadi kwenye lami, wala haisikii bodaboda inayokuja, kwa sababu masikio yake yameufuata mvumo wa juu. Mtu huyu yuko katika hali ile ile ya fundi wa reli wa Glasgow, na kwake kizibao ni lazima, tena chenye rangi isiyopauka na mistari isiyopasuka. Hali ni hiyo hiyo katika eneo la ujenzi ambako winchi na malori hurudi kinyumenyume, na katika uwanja wa ndege ambako kila anayekanyaga maegesho ya ndege hutakiwa kuvaa. Katika mazingira hayo rubani huvaa kwa sababu ya mahali alipo, na angevaa hata kama angekuwa ameshika fimbo ya kupimia tu.

Mfano wa pili ni wa sherehe. Katika arusi inayofanyika bustanini, Bagamoyo au Mombasa, mpiga picha huirusha droni ili apate picha ya bibi na bwana arusi wakiingia. Hapa hakuna lori, na bwana arusi hangependa mtu wa manjano aonekane katika kila picha iliyopigwa kutoka juu. Kuna hatari nyingine, hata hivyo, nayo ni watoto. Droni inaposhuka, watoto hukimbilia pale inapotua, kila mmoja akitaka kuwa wa kwanza kuigusa, ilhali mapanga yake bado yanazunguka kwa kasi ya kuweza kukata kidole, na rubani, ambaye macho yake yako kwenye chombo, hawezi kuwazuia kwa mkono wala kwa sauti. Rubani mwenyewe akivaa manjano, ndiye watakayemzunguka. Anayehitajika pale ni mtu wa pili, anayesimama kati ya watoto na mahali pa kutua, na huyo ndiye inafaa aonekane.

Mtu huyo wa pili katika lugha ya kanuni huitwa mwangalizi, yaani msaidizi anayeshirikiana na rubani kuifuatilia droni kwa macho na kumwarifu juu ya ndege nyingine, watu au vizuizi. Kanuni za nchi nyingi humtaka rubani aione droni yake kwa macho, bila kutegemea darubini wala picha ya kwenye kioo peke yake, na mwangalizi ni msaada wake katika hilo. Wengi humwona mwangalizi kuwa gharama inayoweza kupunguzwa. Mazungumzo haya yanashikilia kwamba ndiye mtu ambaye kizibao kiliumbiwa katika kazi ya droni.

Kwa nini? Kwanza kwa sababu ya usikivu wa rubani. Droni inayokwenda mita 10 kwa sekunde itakuwa imesafiri mita 150 katika sekunde 15, na sekunde 15 ni muda mfupi kuliko salamu kamili ya Kiswahili. Katika jamii za pwani na bara, mzee anapopita na kusalimu, haitoshi kuitikia kwa neno moja; huulizwa habari za nyumbani, za watoto, za kazi na za tangu juzi, na kijana anayemjibu mzee huku ametazama mawinguni huhesabiwa kuwa hana adabu. Rubani, basi, hufungwa kati ya mambo mawili, kuvunja heshima au kuvunja usalama. Mwangalizi aliyevaa kizibao humwokoa, kwa sababu yeye ndiye anayeonekana kwanza, ndiye anayesalimiwa, na ndiye mwenye nafasi ya kuitikia shikamoo ya mtoto na kumwamkia mzee kama inavyostahili, huku rubani aliyevaa nguo za kawaida akiendelea na kazi yake hatua chache nyuma.

Sababu ya pili ni haki ya watu kujua. Mgeni anayefika nyumbani kwa Mswahili hupiga hodi na kungoja akaribishwe, ilhali droni huingia uani kutoka juu, mahali pasipo na mlango, na huwakuta watu wakifua, wakipika au wamekaa bila mtandio. Wanaorukiwa wana maswali matatu: nani anarusha, kwa ruhusa ya nani, na picha zitakwenda wapi. Maswali hayo yana uzito wa kisheria pia, kwa kuwa Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na picha inayomwonesha mtu anayetambulika haiko nje ya sheria hizo kwa sababu tu imepigwa kutoka juu. Kizibao cha mwangalizi, hapo, kinakuwa mahali pa kupelekea swali. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Manjano yale yakishaonekana, hakuna haja ya kutangaza kwa kipaza sauti kwamba wenye droni wapo.

Mifano ya kazi za namna hii Afrika Mashariki haikosekani. Jijini Dar es Salaam, mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwashirikisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi katika kuchora ramani za kata zinazokumbwa na mafuriko, na picha za droni zilikuwa miongoni mwa zana zake. Mwaka uliofuata, Kamisheni ya Ardhi ya Zanzibar, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, SUZA, na kuungwa mkono na Benki ya Dunia, ilianza kuipiga picha Unguja na Pemba kwa droni ndogo zenye mabawa, ambazo uzito wake haufiki kilo moja na ambazo hurushwa kwa mkono. Kazi ya kisiwa kizima hupita juu ya mashamba ya mikarafuu, shule, misikiti na nyua za watu, na katika mazingira kama hayo kizibao peke yake hakitoshi. Sheha wa shehia, au mwenyekiti wa serikali ya mtaa kwa upande wa bara, au chifu na wazee wa nyumba kumi kwa upande wa Kenya, hupaswa kuarifiwa kabla, ili mwananchi anapomwona mwenye kizibao akute kwamba habari zake zimetangulia.

Upo pia mfano unaoonesha mpaka wa hoja hii. Nchini Rwanda, tangu Oktoba 2016, kampuni ya Zipline imekuwa ikipeleka damu hospitalini kwa ndege zisizo na rubani zinazorushwa kutoka kituo cha Muhanga, ambazo hudondosha boksi kwa parachuti na kurudi zilikotoka. Mtu anayeiona ndege hiyo ikipita juu ya kilima chake hawezi kumwona anayeisimamia, hata kama msimamizi huyo angevaa manjano kuanzia kofia hadi viatu. Kizibao, kwa hiyo, kina maana pale tu rubani na watu wanaorukiwa wanapokuwa mahali pamoja. Kazi zinazovuka upeo wa macho zinahitaji njia nyingine za kujitambulisha, kama vile mikutano na wananchi na alama kubwa kwenye chombo chenyewe.

Kabla ya kuhitimisha, ni vyema kuitazama hoja nzito kuliko zote dhidi ya kizibao, nayo ni kwamba kinaweza kudanganya. Reflekta hununuliwa sokoni na yeyote kwa bei nafuu, na watu wamezoea kumpisha mwenye kuivaa bila kumuuliza, kwa kudhani kwamba ametumwa na serikali au na shirika fulani. Mtu mwenye nia mbaya, basi, akivaa kizibao na kurusha droni juu ya ua wa jirani, huenda asisumbuliwe kabisa, ilhali asiyekivaa angeulizwa mara moja. Je, kuwataka marubani wote wavae hakutawafundisha wananchi kunyamaza mbele ya manjano?

Hatari hiyo ni ya kweli, na dawa yake inaonekana katika barabara za Kigali, ambako waendesha pikipiki za abiria huvaa vizibao vyenye namba. Abiria akidhulumiwa, namba hubaki kichwani mwake. Kizibao kisicho na maandishi humpa mwenye kukivaa heshima bila kumdai chochote, na kile chenye namba humfanya awajibike kwa heshima hiyo. Kizibao cha kikundi cha droni, kwa sababu hiyo, kinafaa kiandikwe mgongoni kwa herufi zinazosomeka kutoka ng'ambo ya barabara: kazi inayofanywa, jina la kampuni au taasisi, na namba ya usajili au ya simu ambayo mwananchi anaweza kuinakili. Mwananchi naye ana wajibu wake, kwa kuwa namba isiyosomwa na mtu yeyote haina tofauti na namba isiyoandikwa.

Hoja nyingine dhidi ya kizibao ni ndogo, lakini wenye kazi hii wanaijua. Chini ya jua la saa sita, kitambaa cha manjano kilicho kifuani mwa rubani hujitokeza kwenye kioo cha simu au tableti anayoitazama, na picha ya droni hufunikwa na mng'ao. Rubani anayelazimika kuvaa kwa sababu ya magari anaweza kukikinga kioo kwa kofia yake maalumu au kugeukia upande wenye kivuli. Usumbufu huo haufikii kiwango cha kumfanya akivue kizibao kando ya lami.

Sasa, wasikilizaji wapenzi, inafaa kuyakusanya yaliyosemwa. La kwanza: kizibao hakimkingi mtu dhidi ya droni inayoanguka, na anayekipigia debe kwa hoja hiyo amekosea mahali pa kuanzia. La pili: kizibao kina kazi mbili, kulinda na kutambulisha. La tatu: penye magari, mitambo au ndege, kila mtu wa kikundi avae, rubani akiwemo, kwa sababu hapo ni suala la uhai wake. La nne: penye watu wengi pasipo na magari, kama katika arusi, mikutano na mitaa inayochorwa ramani, mwangalizi ndiye avae na asimame mbele, na rubani aachwe atazame juu. Na la tano: mtu anayerusha peke yake katika uwanja mtupu, mbali na barabara na makazi, hana gari la kujikinga dhidi yake wala mtu wa kujitambulisha kwake, na kumlazimisha avae ni kutunga sharti litakalopuuzwa, ambalo likishapuuzwa litayadhoofisha na masharti mengine yenye maana.

Kutokana na hayo, sheria moja ya kuwavalisha marubani wote wa droni haifai. Njia iliyo bora ni mamlaka za anga kuwataka wenye vibali waandike, katika kijitabu cha uendeshaji, yaani maelezo ya namna watakavyofanya kazi yao kwa usalama, ni nani atakayevaa kizibao katika kila aina ya mahali, na kizibao hicho kitakuwa na maandishi gani; na wakaguzi wanapokwenda kukagua, wakague na hilo, pamoja na hali ya kitambaa na ya mistari. Kampuni inayoomba kibali cha kurusha juu ya mtaa bila mwangalizi hata mmoja inafaa kuulizwa ni nani atakayewajibu wakazi.

Kwa upande wake, msikilizaji atakayesikia mvumo juu ya nyumba yake hana haja ya kurusha jiwe wala kumvamia mtu mwenye rimoti, kwa kuwa kumshtua rubani ni njia ya haraka ya kuiangusha droni juu ya vichwa vya watu. Na amtafute mwenye kizibao, amsalimu, amuulize jina la taasisi, kibali na matumizi ya picha, asome namba iliyo mgongoni, na asiporidhika aende kwa sheha, kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa chifu au kwa mamlaka ya anga akiwa na namba hiyo mkononi. Mazungumzo ya leo yanaishia hapo.